Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliijua tangu utoto, nikaitumia mara nyingi kuwaonya askari vijana waliokuwa chini yangu, lakini ilinibidi nifikishe umri wa miaka 50 ndipo nilipoielewa, na aliyenielewesha alikuwa binti yangu mwenye umri wa miaka 17. Naomba nafasi katika ukurasa huu wa nyumbani ili niwasimulie wasomaji, hasa askari wenzangu, wake zetu na vijana wetu, jinsi jambo lenyewe lilivyotukia. Sisimulii kwa kujisifu, maana sehemu kubwa ya kisa hiki ni aibu yangu.

Nililitumikia jeshi la polisi hapa Uganda kwa muda wa miaka 31, na kati ya hiyo, miaka 11 nilikuwa mtunza ghala la silaha. Msomaji aliye askari anaijua kazi hiyo. Kila bunduki ina namba yake, na kila risasi itokayo mlangoni hutoka kwa sahihi ya mtu. Askari wakienda kulenga shabaha, maganda ya risasi huokotwa na kuhesabiwa kabla hawajapanda gari, na likikosekana moja, wote hubaki uwanjani wakitafuta katika nyasi, hata kama jua linazama na matumbo yanalia. Lau ungeniamsha usiku wa manane ukaniuliza ghalani mna risasi ngapi, ningekujibu kabla sijafumbua macho vizuri. Hivyo ndivyo nilivyokuwa kazini. Nyumbani nilikuwa mtu mwingine kabisa.

Kwa miaka mingi tulikaa katika kota za askari, sehemu mbalimbali za nchi kwa kadiri ya uhamisho. Umeme wa kota sikuulipia mimi, na kitu usichokilipia hukioni. Koili yetu iliwaka tangu alfajiri mpaka usiku, iwe na sufuria juu yake au isiwe nayo. Jirani akitaka kuwasha sigara alikuja kuiwashia hapo. Taa ya barazani iliwaka mchana kutwa, jua likiicheka. Hakuna aliyeona jambo la ajabu, kwa kuwa nyumba zote za mstari ule zilikuwa hivyo hivyo. Watoto wangu walizaliwa na kukulia humo, wakadhani umeme ni kama hewa, haupimwi wala hauishi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi niliwalea katika ubadhirifu bila ya kujua.

Mwaka 2016 nilihamishiwa Jinja. Kota zilikuwa zimejaa, ikanibidi nipange nyumba ya vyumba viwili mjini. Ukutani palikuwa na kisanduku kidogo chenye tarakimu na kitaa chekundu cha kupepesa. Hiyo ndiyo mita ya kulipia kabla ya kutumia. Unanunua uniti, unaziingiza, zinapungua kidogo kidogo, zikifika sifuri nyumba inaingia gizani. Mimi nilinunua uniti kama mtu anunuavyo chumvi: mshahara ukitoka nilitia nyingi, kisha sikuitazama tena mita mpaka ilipokata yenyewe.

Na tukumbuke Jinja ni mji gani. Hapo ndipo Mto Naili unapotoka katika Ziwa Viktoria kuanza safari yake ndefu ya kwenda Misri. Hapo ndipo lilipofunguliwa mwaka 1954 bwawa la kwanza kubwa la umeme la nchi hii, ambalo zamani liliitwa Owen Falls na siku hizi huitwa Nalubaale. Ubavuni mwake pana la pili, Kiira. Mtu anayekaa Jinja na kulalamika giza ni sawa na mtu anayekaa kisimani na kulalamika kiu.

Usiku ninaousimulia ulikuwa wa mwezi Oktoba mwaka 2017. Binti yangu wa tatu alikuwa kidato cha nne, na kesho yake asubuhi alikuwa na mtihani wa taifa wa Kemia. Mimi nilirudi kazini saa tatu za usiku, nimechoka. Mama watoto alikuwa amebandika maharage juu ya koili tangu saa kumi na moja jioni, na kwa kuwa hayakurowekwa yalichukua karibu saa tatu kuiva. Yalipoiva akabandika maji yangu ya kuoga. Nikaoga, nikala, nikapiga pasi sare ya kesho, nikalala. Taa zote nne za nyumba zilikuwa zinawaka, mbili kati yake zikimulika mahali ambapo hapakuwa na mtu. Ilipofika saa tano, nyumba ikawa giza.

Binti akaja kuniamsha kwa adabu. "Baba, uniti zimekwisha." Nilimjibu kwa ukali kwamba mshahara haujatoka na sina fedha ya kununulia nyingine, hata kwa simu. Nikamwambia, "Washa mshumaa usome." Maneno hayo hayajanitoka kichwani mpaka leo.

Aliusimamisha mshumaa juu ya kifuniko cha kopo la maziwa, akauweka juu ya sanduku karibu na kitanda alicholala mdogo wake wa miaka tisa. Alisoma mpaka usingizi ukamshinda. Kwenye saa saba nilishtushwa na ukelele. Chandarua kilikuwa kimeshika moto, na vile vyandarua vya siku hizi haviungui tu kama pamba, bali huyeyuka na kudondoka. Binti alikuwa amemvuta mdogo wake nje ya kitanda kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto alikuwa anakirarua chandarua kinachowaka. Tuliuzima moto kwa blanketi na kwa maji ya ndoo yaliyobaki nilipooga, yale yale niliyoyapashia koili.

Mtoto mdogo hakupata jeraha. Binti aliungua kiganja na vidole vya mkono wa kushoto. Jirani yetu, mama aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi, alituzuia kumpaka samli na dawa ya meno, akauweka mkono ule chini ya maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha tukaenda kwenye zahanati. Saa tatu asubuhi binti yangu alikuwa ameketi katika chumba cha mtihani, bendeji mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia.

Jioni ile nilitafuta mtu wa kumlaumu. Niliwalaumu wenye umeme, nikaulaumu mshahara, nikamlaumu mama watoto na maharage yake, na mwisho nikamgeukia binti mwenyewe kwa kulala mshumaa ukiwaka. Nikasema kwa sauti ya gwaride, "Bwawa liko pale, giza liko hapa! Jambo gani hili?"

Binti alininyamazia mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Baba, naomba kuuliza. Leo ghalani kwako zimebaki risasi ngapi?"

Nikamwambia hiyo ni siri ya kazi, lakini naijua hesabu yake mpaka ya mwisho.

"Na jana asubuhi, katika mita yetu, zilikuwa zimebaki uniti ngapi?"

Mama watoto aligeuza uso akatazama ukuta. Mimi sikuwa na jibu. Askari anayeongozwa na hesabu kila siku ya maisha yake alikuwa hajui hesabu ya nyumba anamolala yeye na watoto wake. Kama ningekuwa nimeitazama mita asubuhi ile, ningeona zimebaki chache, nami ningeamuru koili izimwe na taa moja tu iachwe kwa ajili ya mwanafunzi. Mtihani ungesomewa kwenye mwanga, na mkono wa mtoto ungebaki salama.

Mitihani ilipokwisha alileta daftari la kurasa 96, akalichora safu tano kwa rula. Ya kwanza tarehe. Ya pili uniti zilizobaki saa moja ya jioni. Ya tatu zilizotumika tangu jana. Ya nne jina la mwenye zamu. Ya tano maelezo. Nililitazama nikacheka, maana ulikuwa mfano wa daftari langu la ghala. Tukakubaliana kwamba kila mtoto, hata yule wa miaka tisa, atakuwa mtunza mita kwa juma moja, na mwisho wa zamu atakabidhi kwa sahihi.

Juma la kwanza hatukubadili lolote, tulihesabu tu. Tulitumia uniti 33. Kisha tukatafuta zilikokwenda, na hapo binti alinipa somo ambalo nawaomba vijana walishike, kwa kuwa ni rahisi kuliko linavyodhaniwa. Kila chombo cha umeme kimeandikwa wati zake, aghalabu mgongoni au chini. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Koili yetu ilikuwa ya wati 1,000. Basi kila saa iliyowaka ilikula uniti moja. Kwa saa tatu kila siku, zilikuwa uniti 21 kwa juma. Taa nne za mtindo wa zamani, kila moja wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, zilikula uniti nyingine zipatazo nane. Pasi, redio, televisheni na simu zote pamoja ziligawana zilizosalia.

Kisha akafanya hesabu nyingine iliyoniingia moyoni kuliko zote. Balbu za siku hizi zenye wati 9 hutoa mwanga wa kumtosha mwanafunzi. Sufuria ile ya maharage ilikula uniti tatu. Uniti tatu zingeiwasha balbu ya wati 9 kwa saa 333, yaani saa nne kila usiku kwa siku 83. Sufuria moja tu ya maharage yasiyorowekwa ilikuwa imekula mwanga wa karibu miezi mitatu ya masomo.

Tulianza matengenezo siku ile ile. Balbu za zamani zikatolewa moja moja kwa kadiri ya fedha. Pasi ikawa mara moja kwa juma, nguo zote kwa mpigo, kwa sababu kila inapowashwa upya hula umeme kwa kupata moto tu. Sufuria ikafunikwa daima. Maji ya kuoga yakawekwa juani tangu asubuhi katika madumu meusi, na jioni tukayakuta yana vuguvugu la kutosha. Watoto wakajifunza pia jaribio la ulinzi: kuzima kila kitu, kisha kwenda kukitazama kitaa cha mita. Kikiendelea kupepesa, basi pana mwizi aliyesahauliwa mahali fulani. Mara ya kwanza tulimkuta nyuma ya kabati; alikuwa chaja ya taa ya zamani.

Kuhusu maharage, suluhisho lilitoka kwa mama watoto. Alikumbuka desturi ya kuviringisha chakula cha moto kwa majani ili kisipoe, akaiendeleza. Alichukua kikapu kikubwa cha kufumwa, akatandika ndani majani makavu ya migomba kwa unene wa kiganja, akaacha katikati nafasi ya sufuria, na juu yake akashona mto wa vitambaa vikuukuu. Maharage hurowekwa usiku kucha, yale maji ya kurowekea yakamwagwa. Huchemshwa kwa maji mapya, yakitokota kwa nguvu dakika 20, sufuria ikiwa imefunikwa. Hapo sufuria hutiwa kikapuni bila ya kufunuliwa, mto ukawekwa juu, nayo yakaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe kwa saa nne au zaidi. Kabla ya kula hurudishwa motoni mpaka yatokote tena. Nawasihi akina mama wasipunguze ule mtokoto wa kwanza, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo huvunjwa na maji yanayotokota wala si na maji ya vuguvugu. Wala chakula kisilazwe kikapuni mpaka kipoe, maana kitaharibika.

Mwisho wa mwezi ule wa kwanza, daftari lilionyesha uniti 11 kwa juma, theluthi moja ya zile za mwanzo. Bei sitaitaja, kwa kuwa bei hubadilika, theluthi haibadiliki. Fedha iliyobaki ilinunua vitabu.

Jirani mmoja, koplo mwenzangu, alinicheka akasema njia fupi ni kuuacha umeme na kupikia makaa. Nami nilijaribu, kisha nikaacha, na sababu ni hizi. Makaa hutokana na kuni zilizofukiwa katika tanuri la udongo, na kwa njia hiyo ya kienyeji zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwa ndani ya mti hupotea hewani kabla gunia halijafungwa. Anayenunua gunia moja amelipia moto wa gunia moja, lakini msitu umelipa zaidi ya mawili. Mambo yalifika mahali ambapo mwezi Mei mwaka 2023 Rais wa nchi alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika sehemu za kaskazini. Asiye na njia ila makaa, na apikie sigiri yenye kikombe cha udongo wa kuchomwa ndani yake, ambayo hushika joto na kula makaa machache kuliko ile ya bati tupu. Na kwa jina la Mungu, asiiingize sigiri chumbani usiku wa baridi akafunga dirisha. Moshi wa makaa yaliyokolea hauonekani wala haunuki, nao huua watu wakiwa usingizini. Katika kazi yangu nimeitwa kuufungua mlango wa chumba cha namna hiyo, na nisingependa msomaji yeyote auone mlango kama ule.

Konstebo mmoja kijana aliniuliza hivi karibuni, "Afande, kujibana huku kuna maana gani tena? Karuma imekwisha funguliwa!" Swali lake ni zuri. Ni kweli kwamba tangu siku za Nalubaale yenye megawati 180 nchi imepiga hatua kubwa. Juu ya mto huo huo wa Naili imeongezwa Kiira yenye megawati 200. Mwaka 2012 ikazinduliwa Bujagali yenye 250. Mwaka 2019 Isimba yenye 183. Na mwezi Septemba mwaka 2024 ikazinduliwa Karuma yenye 600. Lakini nilimwomba kijana yule azingatie mambo mawili.

La kwanza, mitambo hiyo yote inakunywa katika mto mmoja. Sisi tuliokuwa kazini mwaka 2005 na 2006 tunakumbuka jinsi ukame ulivyokuja na maji ya ziwa yakashuka, hata nchi ikagawiwa umeme kwa zamu, na mitambo ya dizeli ikawashwa kwa gharama kubwa. Mto ni neema, nayo neema huandikiwa daftari vile vile.

La pili, Karuma hujaza nyaya za nchi. Haijazi mfuko wa konstebo. Uniti itokayo Karuma utailipia kama ile ya Nalubaale. Tena kuweka akiba si kukaa gizani. Binti yangu hakunifundisha kuacha umeme, alinifundisha kuupeleka panapofaa, kama kamanda apelekavyo askari wachache mahali penye haja. Nyumba iliyoziba matundu yake itaweza kupikia umeme badala ya makaa. Iko siku hizi sufuria ya umeme inayofungwa kabisa na kupika kwa mgandamizo wa mvuke, ile watu waiitayo presha kuka, ambayo huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Huo ndio utumiaji mwema: msitu umepona, na mita haikulia.

Nilistaafu mwaka 2022, tukarudi kijijini kwetu Teso, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Si mbali sana nasi, karibu na mji wa Soroti, ulifunguliwa mwezi Desemba mwaka 2016 mtambo wa kuvuna nguvu za jua wenye megawati 10. Nilipoona sahani zile zimetandazwa mfano wa kikosi kilicho gwaridani, nikasema nami nitaandikisha askari wangu mmoja. Kwa sehemu ya kiinua mgongo nilinunua sahani ya wati 50, betri, na taa tatu za wati 5. Kibatari, ambacho sisi huku tulikiita tadooba, tulikitupa pamoja na masizi yake.

Wengi husema jua ni la bure. Mwanga wake ni wa bure, lakini betri si ya bure, na hapa daftari lina kazi zaidi kuliko mjini. Sahani yangu ikipata saa tano za jua kali huleta kama wati 250 za saa moja, na zikishapita katika waya na betri hubaki kama 200, ambazo ni sehemu ya tano ya uniti moja. Taa tatu kwa saa tano ni 75. Redio na simu za nyumba nzima hujipatia zilizobaki, na akiba kidogo kwa siku ya mawingu. Lakini lau ningeifungia betri ile koili yangu ya zamani, ingeimaliza kwa dakika 12. Nilipoiandika hesabu hiyo nilikaa nikaitafakari sana. Mavuno ya jua la kutwa nzima katika nyumba ya mstaafu, ile koili ya kotani ilikuwa ikiyamaliza kwa muda wa kuwasha sigara na kuzungumza na jirani.

Kwa anayekusudia kununua, nampa niliyoyaona. Asiweke sahani kivulini mwa mti, hata kivuli cha tawi moja, kwani hupunguza mavuno kupita kiasi. Ailaze kwa mteremko mdogo ili mvua iioshe, na wakati wa kiangazi aifute vumbi kwa kitambaa chenye maji asubuhi kabla haijapata moto. Betri ya maji ya tindikali isinywewe mpaka chini, bali iachiwe angalau nusu, la sivyo itakufa mapema. Nayo ikifa isitupwe chooni wala shambani, kwa kuwa risasi iliyomo ndani yake ni sumu kwa maji na kwa watoto. Irudishwe kwa muuzaji au kwa wanaonunua vyuma chakavu wenye kujua kazi hiyo.

Vijana mnaosoma ukurasa huu katika kota na makambini, neno langu la mwisho ni lenu. Huenda baba zenu wamechoka kama nilivyokuwa nimechoka mimi, na huenda umeme wa hapo mlipo haulipiwi na ninyi. Usiseme si wako. Nyumba ya serikali hukaliwa kwa muda, lakini mazoea huondoka pamoja nawe katika sanduku la uhamisho. Siku utakapokuwa na mita yako, mazoea hayo ndiyo yatakayokulipisha. Chukua daftari, chora safu tano, anza leo. Ukimkuta baba anafoka, muulize kwa adabu zimebaki ngapi. Na ninyi wazazi wenzangu, mkiulizwa swali hilo msikasirike. Mkienda kulitafuta jibu ukutani, mtakuwa mmekwisha anza.

Binti yangu alifaulu mtihani wake, ingawa Kemia haikwenda kama alivyotumaini, naye leo ana nyumba yake na mita yake. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havinyooki sawasawa. Anapokuja kututembelea hukaa mezani chini ya taa ya jua, akalifungua daftari la nyumba, ambalo sasa ni la tano, akalikagua ukurasa kwa ukurasa kama ofisa mkaguzi. Mimi husimama pembeni, mikono nyuma, nikisubiri sahihi yake.